Selimundu: Adimu kwa Nani?

Imekuwa desturi katika baadhi ya ofisi za umma, likitajwa jina la selimundu, mazungumzo kufungwa kwa neno moja: adimu. Ni ugonjwa adimu, husemwa, tena wa kurithi, na taifa lina malaria, kifua kikuu na Ukimwi vya kupambana navyo. Baada ya neno hilo faili hurudi kabatini. Neno lenye nguvu kiasi hicho halina budi kuchunguzwa, kwa sababu ndilo linaloamua ni mtoto yupi atakayepimwa, na ni yupi atakayezikwa bila wazazi wake kujua kilichomwua.

Neno hilo halikuzaliwa Tanga. Limetoka katika hesabu za watu wengine. Nchini Marekani ugonjwa huhesabiwa kisheria kuwa adimu endapo umewapata watu wasiofikia 200,000. Wagonjwa wa selimundu wa nchi hiyo hukadiriwa kuwa 100,000 hivi, miongoni mwa watu zaidi ya milioni 330. Huko neno lina haki yake. Tanzania, ambayo Sensa ya mwaka 2022 iliikuta na watu milioni 61.7, hukadiriwa kupata watoto wapatao 11,000 wenye ugonjwa huo kila mwaka. Kwa miaka 10 tu, wanaozaliwa nao nchini huwazidi wagonjwa wote wa Marekani. Mtumishi anayeuita ugonjwa huu adimu akiwa ameketi Tanga anasoma hesabu ya jirani na kuidhani ni ya nyumbani kwake.

Wapo watakaouliza: kama ni wengi hivyo, mbona hawaonekani? Jibu lake ni chungu. Hawaonekani kwa kuwa wengi wao hawaishi. Makadirio ya wataalamu ni kwamba katika nchi za Afrika zisizopima na kutunza mapema, kati ya nusu na asilimia 90 ya watoto hao hufariki kabla ya kutimiza miaka 5. Kwa hiyo wanaozaliwa si adimu hata kidogo. Walio adimu ni wanaofikia umri wa kuhesabiwa. Kuutumia uchache wa waliosalia kama hoja ya kutowahudumia wanaozaliwa ni sawa na kusema kisima hakina haja ya kufunikwa kwa kuwa watoto waliobaki kijijini ni wachache.

Kwa watu wa mwambao jambo hili lina uzito wa pekee. Mwaka 1949 Anthony Allison, kijana aliyekulia Kenya na kusomea udaktari Oxford, alipima damu za watu wa makabila mbalimbali ya Kenya. Aliona kwamba wenye kinasaba cha selimundu walikuwa wengi Pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, na wachache sana katika nyanda za juu zenye baridi. Mwaka 1954 alitoa maelezo ambayo sayansi ya dunia imeyakubali: pale palipo na malaria nyingi, mtu aliyerithi kinasaba kimoja tu cha selimundu hupata kinga kubwa dhidi ya malaria kali, huishi, na hukirithisha kwa wanawe. Tanga ni nchi ya maelezo hayo. Ni mji ulio usawa wa bahari, wenye joto na mbu, na nyuma yake imesimama milima ya Usambara ambako baridi huwapunguza mbu. Mkazi wa Makorora hakubeba kinasaba hicho kwa laana wala kwa husuda ya jirani. Amekibeba kwa sababu mababu zake waliokuwa nacho walinusurika.

Lakini kinga hiyo ina bei, na bei yake hulipwa na mtoto aliyerithi vinasaba viwili, kimoja kwa baba na kimoja kwa mama. Yafaa ieleweke vizuri kwamba mtoto huyo hanufaiki na kinga ile. Kwake yeye malaria ni miongoni mwa maadui wanaoua upesi.

Kinachotokea mwilini mwake si kigumu kueleweka. Chembe nyekundu za damu, ambazo kwa kawaida ni mviringo na laini, humgeukia umbo la mundu kila oksijeni inapopungua, nazo hukakamaa. Chembe ya kawaida huishi siku 120 hivi. Yake huvunjika baada ya siku 10 hadi 20, na ndiyo sababu damu haimtoshi na macho humgeuka manjano. Zile zilizokakamaa hukwama katika mishipa midogo na kuizuia damu kupita. Kwa kuwa hakuna kiungo kisichohitaji damu, hakuna kiungo kilicho salama. Mifupa hupata maumivu makali, na mfupa wa nyonga huweza kufa. Bandama huvimba ghafla na kumeza damu ya mwili, kisha baadaye hunyauka na kumwacha mtoto bila mlinzi dhidi ya vijidudu vya nimonia na uti wa mgongo. Mapafu huziba. Figo hushindwa kuhifadhi maji. Ubongo hupata kiharusi, hata kwa mtoto ambaye bado yuko shule ya msingi. Macho, ini, moyo na ngozi ya miguu navyo hupata sehemu yake.

Hapa ndipo penye kosa kubwa la utambuzi. Ugonjwa mmoja wenye sura nyingi huchukuliwa kuwa magonjwa mengi. Na uchukuliwe mfano wa mama yeyote wa Makorora aliye na mtoto wa namna hiyo. Mtoto akiwa na miezi minane vidole vinavimba. Anaambiwa ameumwa na mdudu. Akiwa na mwaka mmoja na nusu anapungukiwa damu, inaandikwa malaria. Mwaka wa tatu anabanwa kifua, inaandikwa nimonia. Mwaka wa tano miguu inamuuma usiku kucha. Inasemwa ni baridi yabisi. Mwaka wa saba mkono mmoja unalegea ghafla. Sasa majirani wanasema ni pepo, na fedha iliyokuwa ya dawa inakwenda kwa mganga. Kila mlango alioubisha ulitibu kiungo kimoja na kumrudisha nyumbani. Hakuna aliyekaa akajiuliza kama vidole, damu, kifua, miguu na mkono ule ni vya mtoto mmoja.

Mganga wa tiba anayejua kazi yake hajifungi katika kiungo kinacholalamika leo. Humwuliza mama historia yote, huuliza juu ya ndugu waliofariki wakiwa wadogo, hutazama macho, hupapasa tumbo upande wa kushoto, kisha hutoa tone la damu. Hatua hizo hazihitaji jengo la ghorofa. Kinachohitajika ni nidhamu ya kufikiri na kipimo rahisi. Vipo siku hizi vipimo vya haraka vinavyosomeka kwa dakika chache, bila umeme wala darubini, ambavyo hutenganisha mwenye ugonjwa na aliyebeba kinasaba kimoja. Jambo hili la mwisho ni muhimu, maana kile kipimo cha zamani cha kuangalia kama damu inageuka umbo hakiwezi kuwatenganisha hao wawili, na mzazi aliyepewa jibu la nusu huondoka na hofu nzima. Penye shaka, sampuli ipelekwe maabara kubwa kwa kipimo cha elektroforesisi.

Mtu anayedai kwamba hata ukipimwa hakuna la kufanya anasema jambo ambalo historia imekwisha kulikanusha mara nyingi. Jamaica si nchi tajiri. Kuanzia mwaka 1973 hadi 1981 watoto wachanga 100,000 walipimwa katika hospitali kuu ya wazazi ya Kingston, chini ya kazi iliyoongozwa na daktari Graham Serjeant. Waliokutwa na ugonjwa walifuatiliwa, na mama zao wakafundishwa kuipapasa bandama ya mtoto kila siku na kukimbilia kliniki wakiikuta imevimba. Vifo vilivyotokana na bandama vikashuka sana. Chombo kilichotumika kilikuwa mkono wa mama aliyeelimishwa.

Mwaka 1986 utafiti uliofanywa Marekani ulionyesha kwamba penisilini ya kunywa, mara mbili kwa siku, hupunguza kwa zaidi ya asilimia 80 maambukizi makali ya nimonia katika damu ya watoto wadogo wenye selimundu. Penisilini ni dawa ya bei ndogo, iliyozoeleka katika zahanati. Kisha ikaja haidroksiyurea, dawa inayoamsha tena ile himoglobini ambayo mtoto huwa nayo tumboni mwa mama na ambayo haigeuki mundu. Ilipoidhinishwa Marekani mwaka 1998 kwa ajili ya wagonjwa wa selimundu, walikuwapo waliodai kwamba haitawafaa Waafrika kwa sababu ya malaria na lishe duni. Basi ilijaribiwa kuanzia mwaka 2014 kwa watoto zaidi ya 600 katika nchi nne: Angola, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Kenya na Uganda. Matokeo yalitangazwa Desemba 2018. Maumivu yalipungua, haja ya kuongezewa damu ilipungua, vifo vilipungua, na malaria yenyewe ikapungua. Kituo cha Kenya kilikuwa Kilifi. Mbu wa Kilifi na mbu wa Tanga ni wa mwambao mmoja. Mtu asitafute kisingizio katika hali ya hewa.

Wala Tanzania yenyewe haikosi ushahidi wala wataalamu. Tangu mwaka 2004 Muhimbili imekuwa na kazi ya kuwafuatilia wagonjwa wa selimundu, iliyoongozwa na Profesa Julie Makani, na hesabu zake zilionyesha kwamba vifo ni vingi zaidi kwa wasiotimiza miaka 5. Mwaka 2015 na 2016 watoto wachanga 3,981 walipimwa katika hospitali mbili za Dar es Salaam. Walikutwa 31 wenye ugonjwa, yaani takriban mtoto mmoja katika kila 130, na zaidi ya 500 waliobeba kinasaba kimoja. Utafiti mwingine wa mikoa ya Kanda ya Ziwa ulikuta kiasi cha mtoto mmoja kati ya kila watano amebeba kinasaba. Ugonjwa unaopatikana kwa mtoto mmoja katika 130 katika wodi za wazazi za jiji kubwa kuliko yote nchini haustahili kuitwa adimu na mtu yeyote anayejua kugawanya.

Ipo hoja ya gharama, nayo yastahili jibu la haki. Ni kweli kwamba yapo matibabu ya gharama kubwa. Hospitali ya Benjamin Mkapa jijini Dodoma imekwisha kupandikiza uloto kwa watoto wenye selimundu, na hiyo ni fahari ya madaktari wa nchi hii. Mwishoni mwa mwaka 2023 Uingereza na Marekani ziliidhinisha tiba ya kurekebisha vinasaba, ambayo bei yake iliyotangazwa Marekani ilikuwa dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Habari hizo hupamba kurasa za mbele. Lakini upandikizaji huhitaji ndugu anayelingana naye, wodi maalumu na miezi ya uangalizi, na kwa hiyo utawafikia wachache kwa muda mrefu ujao. Tone la damu, penisilini, chanjo, chandarua, dawa ya kuzuia malaria, haidroksiyurea na kliniki ya kila mwezi ni vitu vya watu wote. Wajibu wa kwanza wa huduma ya umma ni kwa vile vinavyowafikia wote. Anayengoja tiba ya dola milioni mbili kabla ya kutoa penisilini ameamua kwamba watoto wa sasa wafe kwa ajili ya matumaini ya watoto wa baadaye.

Tena gharama ya kutopima haijawahi kuandikwa katika bajeti yoyote, ingawa hulipwa kila siku. Hulipwa kwa chupa za damu zinazotolewa kwa mtoto yule yule mara kwa mara. Hulipwa kwa vitanda, kwa dawa za malaria anazopewa asiye na malaria, kwa nauli za kwenda Muhimbili wakati mambo yameharibika, kwa mama anayeacha biashara yake sokoni ili alale sakafuni hospitalini. Kwa kuwa fedha hizo hutoka katika mafungu mbalimbali na katika mifuko ya wanyonge, hakuna anayezijumlisha.

Hapa mtumishi wa umma anahusika moja kwa moja. Kitabu cha takwimu kikiandika upungufu wa damu, nimonia au malaria, aliyekufa kwa selimundu hahesabiwi. Asiyehesabiwa hawekwi katika mpango wa halmashauri. Asiyewekwa katika mpango haagiziwi dawa. Dawa isipoagizwa, mwaka unaofuata husemwa kwamba haina wahitaji. Duara hilo halikuletwa na umaskini peke yake. Limefungwa kwa kalamu, na kwa kalamu linaweza kufunguliwa. Bunge lilipitisha sheria ya Bima ya Afya kwa Wote Novemba 2023. Kipimo cha selimundu cha mtoto mchanga na dawa ya maisha ya mgonjwa vikiachwa pembezoni mwa utaratibu huo, neno "wote" litakuwa limepunguzwa maana yake.

Mwalimu naye ana sehemu yake, pengine kubwa kuliko anavyodhani. Mtoto mwenye selimundu hukojoa mara nyingi na huhitaji maji mengi, kwa sababu figo zake hazihifadhi maji. Anapoomba ruhusa mara ya tatu katika kipindi kimoja, si utoro. Anapogoma kufanya usafi alfajiri ya baridi au kukimbia mchakamchaka, si uvivu. Baridi, kiu na uchovu vyaweza kumletea maumivu ya kumlaza wiki nzima. Yupo pia mtoto aliyekuwa akifanya vizuri, kisha masomo yakamshinda pole pole. Wataalamu wamegundua kwamba ubongo wa watoto hawa huweza kupata viharusi vidogo visivyoonekana kwa nje, visivyopoozesha mkono wala mguu, lakini vinavyopunguza kumbukumbu na usikivu. Mtoto wa namna hiyo akipigwa viboko kwa kushika mkia, anaadhibiwa kwa jeraha lililo ndani ya kichwa chake.

Shule haiombwi iwe hospitali. Yatosha mwalimu ajue wanafunzi wake walio wagonjwa, awaruhusu kunywa maji na kwenda msalani, asiwasimamishe juani, awahifadhie masomo waliyokosa. Na ajue dalili zisizongoja kengele ya kutoka: homa, maumivu ya kifua na kuhema, weupe wa ghafla wa midomo na viganja, tumbo kuvimba upande wa kushoto, kulegea kwa upande mmoja wa mwili au ulimi kuwa mzito. Akiziona, mtoto apelekwe hospitali saa ile ile.

Limebaki suala la lawama majumbani. Katika nyumba nyingi mtoto akitambuliwa kuwa na selimundu, mama ndiye hushitakiwa. Huambiwa kwao kuna damu mbaya, na wakati mwingine huachwa. Huo ni ujinga, na ni dhuluma pia. Hakuna mtoto wa selimundu aliyeumbwa na mama peke yake; pasipo kinasaba cha baba ugonjwa huo usingekuwapo. Wazazi wawili waliobeba kila mmoja kinasaba kimoja huwa na uwezekano, katika kila mimba, wa mtoto mmoja kati ya wanne kuwa mgonjwa, wawili kati ya wanne kubeba kama wao, na mmoja kati ya wanne kuwa huru kabisa. Kila mimba huanza hesabu upya. Aliyekwisha kupata mtoto mgonjwa hajamaliza zamu yake. Vijana wanaotaka kuoana wana haki ya kuijua hesabu hii kabla ya kuoana, ili waamue wenyewe kwa elimu, bila kutishwa na bila kufichwa. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Kwa ugonjwa huu anayeumbuliwa ni mtoto ambaye hakuficha chochote.

Madai, basi, ni machache na yanaeleweka. Kila mtoto anayezaliwa Tanga, awe Makorora, Pangani au Lushoto, apimwe selimundu kabla hajatimiza miezi mitatu, na jibu liandikwe katika kadi yake ya kliniki pamoja na chanjo. Kila mwenye ugonjwa aanze penisilini na kinga ya malaria mara moja, na afikiriwe kupewa haidroksiyurea chini ya uangalizi. Kila kituo cha afya kiwe na kipimo, na kila mkoa uwe na kliniki ambayo daktari wake anamtazama mtoto mzima, kichwa hadi unyayo. Kila kifo chake kiandikwe kwa jina lake.

Asili yenyewe imeweka muda wa kufanya hayo. Mtoto anayezaliwa na selimundu huja bado ana himoglobini ya tumboni, nayo humlinda kwa miezi ya mwanzo. Mara nyingi dalili huanza akikaribia miezi sita. Katika muda huo hulia, hunyonya na hunenepa kama watoto wengine, na hupelekwa kliniki kwa chanjo zaidi ya mara moja. Huletwa mwenyewe mpaka mezani kwa mhudumu. Akiondoka pale bila kutolewa tone moja la damu, ugonjwa hauwezi kulaumiwa kwa kujificha.